Kihisi cha Hali ya Hewa Kinachonyamaza Usiku: Kabla Hujanunua Paneli Mpya

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Kigamboni, karibu na bahari. Miaka 3 iliyopita mwanangu aliniletea kituo kidogo cha hali ya hewa cha nyumbani, nami nikakifunga kihisi chake cha nje kwenye mnara wa tangi la maji. Kihisi kinatumia betri 2 za ukubwa wa AA pamoja na paneli ndogo ya sola iliyo juu yake, ambayo nimeielekeza kusini kama kijitabu kinavyosema. Betri za kwanza zilidumu mwaka mmoja na nusu. Sasa betri mpya hazimalizi wiki 6: kwanza kihisi hunyamaza kuanzia saa 8 usiku na skrini ya sebuleni huonyesha vistari vitupu, kisha hurejea chenyewe karibu saa 3 asubuhi, baada ya siku chache hakirejei tena. Fundi amenishauri ninunue paneli mpya na betri za kuchaji. Je, ni kweli paneli imekufa?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Nakushukuru kwa kutaja saa na majuma, kwa sababu katika kazi hii maelezo ya aina hiyo hufaa kuliko picha kumi za kihisi chenyewe. Nianze na jibu fupi: sidhani kama paneli imekufa, na hata kama imechoka, sidhani kama ndiyo inayozimaliza betri zako. Yaelekea kuna kitu kinachokunywa umeme ndani ya kihisi, na kwa nyumba iliyo Kigamboni, karibu na bahari, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni chumvi iliyolowa umande. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha namna ya kulithibitisha jambo hilo kabla hujatoa hata shilingi.

Tufanye hesabu kidogo. Betri nzuri ya alkali ya ukubwa wa AA huhifadhi umeme wa miliampia-saa 2,000 au zaidi kidogo, yaani inaweza kutoa miliampia 1 kwa saa 2,000; tuchukue 2,000. Zikipangwa 2 mfululizo, volti ndizo zinazojumlishwa na kufika 3, lakini uwezo wa kuhifadhi hubaki ule ule wa betri moja. Mwaka mmoja na nusu ni saa 13,000 hivi, na ukigawanya 2,000 kwa saa hizo unapata wastani wa miliampia 0.15, kiwango kinachoaminika kabisa kwa kifaa kinacholala muda mwingi na kuamka kwa sehemu ndogo ya sekunde kurusha ujumbe wake wa redio. Wiki 6 ni saa 1,008. Ukigawanya tena unapata karibu miliampia 2, yaani mara 13 ya matumizi ya zamani. Paneli ikifa kabisa, betri hubeba mzigo wa mchana na wa usiku, na hapo ningetarajia matumizi yapande mara 2 au hata mara 4. Mara 13 ni nyingi mno.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inachukulia kwamba betri unazozitoa zimekwisha kweli, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuhakikisha. Usizitupe. Azima mita ya umeme ya fundi, iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC), kipimo cha 20, na uzipime moja moja huku zikiwa zinawasha balbu ndogo ya tochi. Kuzipima bila mzigo ni kujidanganya, kwa sababu betri iliyochoka ikipumzishwa huonyesha volti za kupendeza, kisha huporomoka mara tu inapotakiwa kufanya kazi. Kila moja ikisimama kwenye volti 1.3 au zaidi ikiwa na balbu, basi betri zako hazijaisha hata kidogo, na tatizo ni kwamba umeme wake hauvuki kuingia kwenye kihisi: springi na vibati vya kishikio vimeshika kutu. Zikiwa chini ya volti 1.1, zimenyonywa kweli, na tunatafuta mnyonyaji. Ikiwa moja ni nzima na nyingine imekufa, chunguza kama umekuwa ukichanganya mpya na ya zamani, au za aina mbili tofauti. Katika mpangilio wa mfululizo, iliyo dhaifu huivuta mwenzake chini.

Kuna uwezekano mwingine wa kawaida ambao sipendi kuuruka, nao ni betri zenyewe kuwa duni. Madukani kwetu betri za alkali na zile za bei nafuu za kaboni hukaa kwenye kibanda kimoja, na maandishi makubwa ya kujisifu huwa kwenye zile za pili. AA ya alkali ina uzito wa gramu 23 hivi, ilhali ya kaboni huwa nyepesi kwa gramu kadhaa na uwezo wake huenda usifike nusu. Mimi huzipima kwenye mizani ya jikoni, na muuza duka ameshazoea kunishangaa. Kama za kwanza zilikuja na kituo na zilizofuata ulizinunua dukani, fanya kipimo hicho kabla ya kulaumu chochote kingine.

Sasa turudi kwenye saa ulizozitaja. Kama kosa lingekuwa la paneli peke yake, ningetarajia kihisi kirudi jua linapopata nguvu ya kutosha kidogo tu, au kisirudi hadi betri zibadilishwe; na siku zenye mawingu mazito ukimya ungeanza mapema zaidi. Chako hunyamaza usiku wa manane, wakati hewa imepoa na umande unaanguka, na kurejea saa 3 asubuhi, wakati vitu vya nje vimekauka. Unakumbuka chumvi ya jikoni wakati wa masika, inavyolowa ndani ya kopo bila ya mtu kuimwagia maji? Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani hadi kuyeyuka yenyewe, na chumvi ya bahari huanza hata kabla ya hapo kutokana na madini mengine yaliyomo. Upepo wa bahari umekuwa ukipuliza vumbi la chumvi ndani ya kihisi chako kwa miaka 3. Mchana utando huo ni mkavu na haupitishi umeme. Usiku hugeuka maji ya chumvi yaliyotandaa juu ya bodi ya saketi, kati ya njia chanya na njia hasi, na umeme hupita humo bila kufanya kazi yoyote.

Habari njema ni kwamba kituo chenyewe kimeshika ushahidi. Fungua kumbukumbu za skrini yako na uangalie kiwango cha unyevu kilichoandikwa mwisho kabla ya vistari kuanza. Kama kila mara kilikuwa asilimia 90 na kitu, na kuna usiku ambao upepo ulivuma, unyevu ukabaki chini, na kihisi kikaendelea kusema hadi asubuhi, tumekwisha kumkamata mwizi. Kama ukimya unakuja saa ile ile bila kujali unyevu, nitaanza kuamini zaidi habari ya betri au ya hifadhi ya umeme wa sola.

Usiku mmoja pia chukua skrini uiweke chini ya mnara, hatua chache kutoka kwa kihisi, wakati kimenyamaza. Ikipokea, basi kihisi hakikuzimika: umeme wake umepungua kiasi cha kudhoofisha sauti ya redio, au kuna kitu kimeingilia mawimbi. Tangi lililojaa maji, mabati na zege la nondo vyote huzuia mawimbi, na kama tangi lako hujazwa usiku, jambo hilo pekee linaweza kuleta ukimya wa saa fulani. Angalia vilevile kwamba skrini haipotezi umeme wake yenyewe. Nyumba zikikatikiwa na umeme, adapta hulala, na skrini zenye betri za akiba zilizokufa hupoteza kihisi kisha huchukua muda kukitafuta upya.

Tufike kwenye kipimo kitakachomaliza ubishi. Tunataka kujua kihisi kinavuta miliampia ngapi kikiwa kimelala. Kata kipande cha karatasi ngumu, kipake karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au ya jikoni pande zote mbili bila pande hizo kugusana, kisha kichomeke kati ya betri moja na kibati chake. Mita iwe kwenye miliampia, kipimo cha 200, ncha moja iguse upande mmoja wa karatasi na nyingine upande wa pili. Funika paneli kwa kitambaa cheusi ili isitie umeme wake na kuvuruga hesabu, na usubiri, kwa sababu mwanzoni hifadhi ya ndani inaweza kuvuta umeme mwingi hadi ijae. Utaona namba ndogo iliyotulia, kisha kuruka kwa ghafla kila kihisi kinaporusha ujumbe. Tunachokitafuta ni ile namba iliyotulia. Ikionyesha 0.0 au 0.1, hakuna uvujaji kwa wakati huo. Ikikaa kwenye 1 au 2, kuna uvujaji. Pima adhuhuri, kisha upime tena alfajiri kabla ya jua, kihisi kikiwa hapo hapo kwenye umande. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo chumvi.

Tahadhari mbili. Usiguse kamwe ncha zote mbili za betri moja kwa moja wakati mita iko kwenye miliampia, kwani fyuzi ya mita itaungua hapo hapo. Na usishawishike kushuka kwenye kipimo cha 2 ili upate tarakimu nyingi zaidi: katika kipimo hicho mita yenyewe huleta ukinzani mkubwa, kihisi hukosa volti kinapotaka kurusha, nawe utadhani umegundua kosa kumbe umelitengeneza.

Kabla ya kusafisha, vitazame vibati vya betri. Unga mweupe ni uvujaji wa betri ya alkali, ambao ni magadi makali, na huondolewa kwa pamba iliyochovywa katika siki au maji ya ndimu. Rangi ya kijani ni shaba iliyoliwa na chumvi. Rangi ya hudhurungi ni chuma cha springi kilichopoteza mipako yake, na hiyo hairudi. Isugue kwa msasa laini, kisha umwombe fundi simu aipake risasi ya kulehemu au aibadilishe. Usidharau kutu ndogo. Sehemu yenye ukinzani wa omu 10 tu, kihisi kinapovuta miliampia 50 kurusha ujumbe, hula volti 0.5. Betri zilizotumika kidogo zenye volti 2.8 zitaonekana na kihisi kama volti 2.3, na vihisi vingi huanza kuyumba katika kiwango hicho. Hivyo ndivyo betri nzima zinavyotupwa jalalani.

Kusafisha bodi ndiko ambako mafundi wengi hukosea, nami nilikosea kwa muda mrefu. Tulizoea kuchukua spiriti, kupiga mswaki, na kurudisha kifuniko. Spiriti huondoa mafuta, lakini chumvi haiyeyuki ndani yake ila kwa kiasi kidogo sana. Unaihamisha tu kutoka kona moja kwenda nyingine, na baada ya wiki mbili mteja anarudi. Chumvi huondolewa na maji, na maji yenyewe yawe safi yasiyo na chumvi yoyote. Toa betri, funika paneli, na uache kihisi usiku mzima ili hifadhi ya ndani iishe umeme. Fungua skrubu, toa bodi, uisugue kwa mswaki laini na maji yaliyotoneshwa, ukibadilisha maji mara 2 au 3. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana kuna watu wanaoiita pia asidi ya betri kwa jina hilo hilo, na hiyo itaimaliza bodi yako papo hapo. Baada ya maji ndipo spiriti inapoingia, ile nyeupe ya isopropili wanayotumia mafundi simu wa Kariakoo na si ile ya zambarau ya kuwashia jiko, kwa kazi moja tu ya kuyasukuma maji yatoke chini ya vipuri. Kisha kausha mbele ya feni siku nzima. Kuzika bodi ndani ya mchele hakuna faida yoyote isipokuwa kuijaza vumbi.

Kuwa mwangalifu na kile kipuri kidogo kinachopima joto na unyevu, ambacho mara nyingi huwa kwenye kibodi chake ndani ya visahani vyeupe vya kivuli. Kisipate maji wala spiriti, na kisipakwe kitu chochote. Bodi kuu, kwa upande wake, hufaidika na koti jembamba la vanishi ya saketi, na kwa kukosa hiyo rangi ya kucha isiyo na rangi husaidia kwa muda, ila uikwepe sehemu ya betri na antena. Vibati vya betri vipake grisi ya silikoni kidogo sana, na mpira wa kifuniko hali kadhalika.

Wakati wa kufunga, watu huingiwa na hamu ya kuziba kila tundu kwa silikoni. Usifanye hivyo. Hewa ya Dar es Salaam ikifungiwa ndani ya kisanduku mchana, usiku hugeuka matone, nayo yakikosa pa kutokea hukaa juu ya bodi. Tundu la chini liachwe wazi, na kwa ajili ya sisimizi na mijusi lifunikwe kwa kipande cha chandarua. Niliwahi kukifungua kihisi changu mwenyewe nikitafuta kosa la saketi, nikakuta kundi zima la sisimizi limehamia juu ya bodi pamoja na mayai yake.

Mnara wa tangi nao unanitia shaka. Kama maji yako ni ya kisima, na visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi, basi kila tangi linapofurika unakirushia kihisi matone ya chumvi ya pili juu ya ile ya upepo. Ukiweza, kisogeze kwenye mlingoti wake, mbali na bomba la kufurikia. Vipimo vya upepo na joto vitakuwa bora pia, kwa sababu tangi jeusi hupasha hewa inayolizunguka.

Sasa paneli. Ifute kwanza kwa kitambaa chenye maji, maana kunguru wa mji huu hawana adabu. Kisha ipime juani adhuhuri, lakini usiridhike na volti. Paneli iliyofifia kwa jua, ambayo plastiki yake imegeuka njano, huweza kuonyesha volti kamili huku ikitoa umeme kidogo mno. Kwa paneli ndogo kama hiyo unaweza kuunganisha mita ya miliampia moja kwa moja kwenye waya zake mbili, zikiwa zimetolewa kwenye bodi, bila madhara. Ikitoa miliampia 10 au 20 katika jua kali, inatosha na kusaza kwa kihisi kinachohitaji 0.15.

Kuhusu mwelekeo, kijitabu chako kiliandikiwa watu wa kaskazini mwa dunia. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 hivi kusini mwa Ikweta, na kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa paa lako. Mwezi Juni liko nyuzi 60 juu ya upeo wa kaskazini. Paneli iliyoinama nyuzi 45 kuelekea kusini hupata wakati huo kama robo tu ya mwanga wa moja kwa moja. Ukiigeuza ielekee kaskazini, hupata karibu wote. Kwa hiyo igeuze. Lakini kihisi kikiwa kipande kimoja pamoja na kipima upepo, lazima pia ubadilishe mpangilio wa skrini kutoka nusu ya kaskazini ya dunia kwenda nusu ya kusini, la sivyo pepo za kusi zitaandikwa kuwa kaskazi, na wavuvi wa Kigamboni watakucheka.

Umeme wa mchana wa paneli, katika vihisi vingi vya aina hii, huhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, yaani kipuri kinachoweka umeme kwa muda mfupi, ile niliyoiita hifadhi ya ndani, na si kwenye betri. Chukua mfano wa kapasita ya faradi 10 (faradi ni kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi) inayoshuka kutoka volti 2.7 hadi 2.0: kwa matumizi ya miliampia 0.15 itakivusha kihisi saa 13, usiku mzima wa kwetu. Kwa miliampia 2 haitamaliza hata saa moja. Ndiyo maana sikushauri kuibadilisha kabla ya kuosha bodi. Baada ya kuosha, toa betri saa 6 mchana wa siku yenye jua, uone kihisi kitasema hadi saa ngapi. Kikinyamaza muda mfupi baada ya magharibi ilhali kipimo cha uvujaji ni safi, kapasita imechoka, na fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuweka nyingine yenye volti na faradi zile zile, kwa kuzingatia chanya na hasi.

Betri za kuchaji nisingezinunua. Za kawaida, za nikeli, hutoa volti 1.2 kila moja, hivyo mbili hukupa 2.4 mahali palipokusudiwa 3, na kihisi kitaanza kulalamika karibu tangu siku ya kwanza. Kibaya zaidi, katika vihisi vingi kuna kizuizi kinachouacha umeme utoke kwenye betri bila kuruhusu ule wa paneli uingie, kwa hiyo hazitachajiwa kamwe. Utakuwa unapanda mnara kuzishusha. Kijitabu kikisema wazi kwamba paneli huchaji betri, hilo ni jambo jingine, na hapo ni marufuku kuweka za alkali. Ziko pia za lithiamu za kuchaji zenye volti 1.5 kamili, lakini hizo zina saketi ndani yake, hukatika ghafla bila onyo, na baadhi huvuruga mawimbi ya redio. Kama kijitabu kinaruhusu, za lithiamu zisizochajiwa ni nzuri kwa pwani kwa sababu hazivuji kirahisi, ingawa bei yake inauma.

Ikiwa baada ya kuosha, kukausha na kurudisha kila kitu, namba ile ya alfajiri bado imesimama kwenye miliampia 1 au zaidi, rudia kipimo bodi ikiwa kavu kabisa ndani ya nyumba. Ikishuka, kuna chumvi iliyobaki chini ya kipuri, na bodi inahitaji kuoshwa tena. Isiposhuka, kuna kipuri kilichovunjika ndani, mara nyingi kapasita ndogo ya kauri iliyopasuka, na hapo kununua bodi au kihisi kipya huwa nafuu kuliko kumlipa mtu akitafute kipuri hicho.